Omeprazoli hainisaidii: niongeze dozi?

SWALI: Naendesha bodaboda hapa Busia, upande wa Uganda. Nimeandikiwa omeprazoli ya miligramu 20 kwa ajili ya kiungulia. Naimeza usiku nikishakula, lakini kifua bado kinawaka. Nasikia dawa hii haikai mwilini hata siku moja. Je, nimeze mara tatu?

JIBU: Usiongeze, ndugu yangu. Badilisha kwanza saa ya kumeza.

Ulichosikia ni kweli: ini huivunja omeprazoli upesi, na nusu yake hutoka kwenye damu kwa muda wa saa moja hivi. Lakini kazi yake haipimwi kwa kukaa kwenye damu. Chembe zilizomo ndani ya kapsuli zina ganda la kuzikinga na asidi, kwa hiyo usizitafune. Ganda huyeyukia kwenye utumbo mwembamba, dawa ikaingia kwenye damu, na damu ikaifikisha kwenye seli za tumbo zenye pampu za asidi. Pampu ikishafungwa haifunguki tena. Mwili hutengeneza nyingine polepole. Ndiyo maana mara moja kwa siku hutosha.

Tatizo ni kwamba hufungwa pampu zile tu zinazofanya kazi, na chakula ndicho kinachoziamsha. Wewe unameza baada ya kushiba, kisha unalala nazo zinatulia. Meza asubuhi tumbo likiwa tupu, dakika 30 hadi 60 kabla ya kifungua kinywa chako, iwe katogo au rolex. Vumilia siku tatu hadi tano, kwa kuwa pampu hazifungwi zote siku moja.

Hili nalisisitiza kwa kila msomaji anayetumia ARV. Dolutegraviri haina ugomvi na omeprazoli, ila vidonge vya kutafuna vya kiungulia vyenye magnesiamu au aluminiamu huinasa tumboni isifyonzwe vizuri. Meza dolutegraviri saa 2 kabla ya vidonge hivyo au saa 6 baada yake. Anayetumia atazanaviri aongee na kliniki yake kabla ya kugusa omeprazoli, maana atazanaviri huhitaji asidi ili ifyonzwe.

Ukitapika damu, ukipata choo cheusi kama lami, au chakula kikikwama kooni, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Na ukiandikiwa kipimo cha kinyesi cha bakteria wa vidonda vya tumbo, mwambie daktari kwamba unatumia omeprazoli. Kwa kawaida huachwa wiki mbili kabla ya kipimo, la sivyo majibu yanaweza kuonyesha huna bakteria kumbe unao.