Pointi ikigoma, toa kidole kwenye kitufe

Koili ya kwanza ya reli yangu ndogo ya mezani niliiua kwa kidole. Ilikuwa Julai, usiku, ile baridi ya Mbeya ya kuvaa koti ndani ya nyumba, na wapwa zangu wawili wamebanana kwenye stuli moja wakingoja treni iingie stesheni. Nikabonyeza. Pointi ikalia "tk" ya kinyonge, ikaishia njiani. Nikabonyeza tena na safari hii nikashikilia, kama mtu anayegonga mlango wa mdeni wake. Muda si muda chumba kikanuka plastiki ya kuungua.

"Anko, hiyo ndiyo treni ya moshi?" mdogo akauliza.

Kwa mgeni wa mambo haya: pointi ni pale reli moja inapogawanyika kuwa mbili. Ina ndimi mbili, yaani vipande vya reli vilivyochongoka, vinavyohama pamoja kushoto au kulia. Reli ya TAZARA inayopita hapa kwetu ina upana wa milimita 1,067. Ya kwangu, juu ya plaiwudi ya futi nane kwa nne, ina milimita 16.5. Ni kipimo cha HO, treni iliyopunguzwa mara 87. Kwa udogo huo, punje ya mchanga ni jabali.

Mota ya pointi za aina yangu ni koili mbili, yaani waya uliozungushwa mara nyingi, zenye kipande cha chuma katikati. Koili moja inakivuta huku, nyingine kule. Kazi hiyo inataka umeme wa nguvu, ampea mbili au tatu, lakini kwa kufumba na kufumbua tu. Waya wa koili ni mwembamba na umepakwa vanishi. Ukiushikilia kwenye umeme kwa sekunde kadhaa vanishi inaungua, mizunguko inagusana, na hapo umeshanunua mota nyingine.

Kesho yake nikamwendea jirani yangu, mzee aliyestaafu kazi ya njia ya reli. Baada ya shikamoo na chai nikamweleza. Hakuuliza habari ya umeme hata kidogo. "Umeangalia kokoto?" Akanieleza kwamba kwenye reli kubwa jiwe likinasa kati ya ulimi na reli ya pembeni, pointi haifungi, na asiyeliona atahangaika na mitambo siku nzima. Nikarudi, nikawasha tochi ya simu, nikachungulia usawa wa reli. Kweli, punje moja ya kokoto nilizogundisha mwenyewe ilikuwa imekaa pale kwenye ncha ya ulimi, inang'aa kwa gundi. Nikaing'oa kwa kibanio cha nyusi cha mke wangu. Mota nilikuwa nimeiunguza bure.

Tangu siku hiyo sigusi waya kabla sijajaribu kwa mkono. Zima umeme, chukua kijiti cha meno, sukuma ndimi huku na huku. Zinatakiwa ziruke na kulala kabisa kwenye reli ya pembeni. Weka ukanda wa karatasi katikati: ulimi ukifunga vizuri unaibana, na karatasi ikitoka kirahisi tatizo halipo kwenye koili. Mara nyingi ni uchafu. Kiangazi hapa vumbi linapenya hata dirisha lililofungwa.

Kusafisha ni pamba ya masikio na spiriti kali, basi. Msasa hapana, unaacha mikwaruzo, na mikwaruzo ndiyo inayokusanya uchafu. Na grisi pia hapana, ingawa hapa nilimkosea heshima mzee wangu, maana ushauri wake wa pili ulikuwa huo. Pointi kubwa hulainishwa pale ndimi zinapoteleza, yeye amefanya hivyo miaka mingi. Lakini yangu inapitisha umeme wa treni kupitia ndimi zilezile. Nilipaka kidogo tu, na ndani ya wiki kukawa na uji mweusi wa vumbi na mafuta, vichwa vya treni vinazimika katikati ya pointi. Kama inakwama, sugua penseli laini, 6B kwa mfano, pale chini ndimi zinapoteleza. Inatosha.

Mkono ukiridhika, ndipo utoe mita ya kupimia umeme. Pima koili moja, kisha ya pili. Zangu nzima zinasoma ohm chache tu, na zinakaribiana. Moja ikiwa haisomi kabisa, usiitupe haraka: mara nyingine waya umekatika pale ulipochomelewa. Kwangua vanishi taratibu kwa wembe, chomelea upya.

Kama koili ni nzima ila inavuta kinyonge, tazama waya. Mimi nilikuwa nimevuta waya mwembamba wa spika mita nne, nikashangaa kwa nini pointi ya mbali inasinzia. Nikaweka mnene zaidi.

Halafu jengea koili zako ulinzi. Nilichukua chaja ya laptop ya volti 19, kapasita mbili (vikopo vinavyohifadhi umeme) za mikrofaradi 2,200 na volti 35 kutoka kwenye redio mbovu ya fundi, nikaziunga sambamba. Kati ya chaja na kapasita nikaweka rezista, kizuizi cha umeme, ya ohm 100, wati 5. Kapasita zinajaa polepole, unabonyeza, zinamwaga umeme wote kwa mpigo mmoja. Hata mtoto akisahau kidole kwenye kitufe, kinachopita kwenye rezista hakifiki ampea 0.2, koili haiungui. Ngoja sekunde mbili tatu ndipo ubonyeze tena. Upande wenye mstari kwenye kapasita ni hasi. Ukigeuza inaweza kupasuka, na usiwe umeinamia.

Pointi namba nne bado inanisumbua kila mvua zinapoanza Novemba. Plaiwudi inavimba, mota iliyo chini inahama kidogo, ndimi zinafunga upande mmoja tu. Nalegeza skrubu mbili, naisogeza kwa unene wa kucha, najaribu kwa karatasi, nakaza.