Zana ya Ufuatiliaji Inapodai Kwamba Hifadhidata Haipatikani

Wewe uliyekabidhiwa zamu ya seva kwa mara ya kwanza, siku moja utaikuta dashibodi imegeuka nyekundu ikidai kwamba PostgreSQL, yaani programu ya hifadhidata, haipatikani, ilhali watumiaji wanaendelea na kazi zao bila kulalamika. Usikimbilie kuiwasha upya. Zana ya ufuatiliaji ni mteja kama wateja wengine, na kinachoripotiwa pale ni kwamba mteja huyo mmoja ameshindwa kuingia.

Usiridhike na maneno ya dashibodi. Tafuta ujumbe halisi wa kosa. Muunganisho ukikataliwa papo hapo, kwa kawaida hakuna mchakato unaosikiliza kwenye anwani na poti hiyo. Endesha `ss -ltn` kwenye seva yenyewe uone kama 5432, poti ya kawaida ya PostgreSQL, imo, na kama inasikiliza 127.0.0.1 peke yake, yaani anwani ya ndani ya mashine yenyewe, kwa kuwa ndivyo inavyokuwa iwapo hakuna aliyegusa `listen_addresses`, mpangilio wa anwani ambazo seva inasikiliza. Muda ukiisha bila jibu lolote, shuku kizuizi cha mtandao njiani. Ukiambiwa nenosiri si sahihi, shukuru, maana umeshafika mlangoni.

Mimi nilipoteza asubuhi nzima kwa kulipuuza hilo. Niliingia kwa akaunti ya `postgres`, nikaandika `psql`, programu ya kuingilia hifadhidata, ikafunguka bila hata kuniuliza nenosiri, nikaapa kwamba zana ndiyo mbovu. Kumbe tulipita njia mbili tofauti: mimi nilipitia soketi ya ndani, ambako seva ilinitambua kwa jina langu la mfumo wa uendeshaji, ilhali zana ilipitia 127.0.0.1, ambako `pg_hba.conf`, faili linaloamua nani aingie na kwa njia gani, ilidai nenosiri. Nilipofungua logi ya seva hatimaye, nilikuta kosa lilelile limeandikwa kila baada ya sekunde 60. Nenosiri lilinakiliwa pamoja na nafasi tupu mwishoni. Tangu hapo mimi hujaribu kwa akaunti ileile ya zana, kutoka mashine ileile, nikitaja `-h` (anwani ya seva) na `-U` (jina la mtumiaji) waziwazi.

Ukilazimika kurekebisha `pg_hba.conf`, kumbuka kwamba mstari wa kwanza unaolingana ndio unaotumika, na ukishindwa hapo seva haiendelei kutazama mistari ya chini. Badiliko hilo linahitaji seva isome upya mipangilio tu, ila `listen_addresses` huhitaji kuiwasha upya. Akaunti ya zana ipe jukumu la `pg_monitor`, linaloruhusu kusoma taarifa za ufuatiliaji na lililopo tangu toleo la 10, badala ya mamlaka yote.

Seva ikisema wateja wamezidi, usiongeze `max_connections`, kikomo cha miunganisho, kabla ya kujua nani amezijaza nafasi 100 za kawaida. Nafasi 3 huwekwa akiba kwa msimamizi mkuu, kwa hiyo ingia kwa mamlaka hayo usome `pg_stat_activity`, orodha ya miunganisho iliyopo. Si ajabu ukakuta ni zana yenyewe ya ufuatiliaji, inayofungua muunganisho mpya kila inapopima na kusahau kuufunga.