Re: Mama anabadilishiwa nyonga zote mbili, nyumbani tuandae nini?
Dada, pole kwa mama. Kwa nyumba ya Tukuyu, anzeni na choo. Cha kuchuchumaa hakimfai kabisa, maana wiki za mwanzo nyonga mpya kwa kawaida haitakiwi kukunjwa kupita nyuzi 90. Seremala awatengenezee kiti imara chenye tundu, kirefu kiasi kwamba akikaa magoti yawe chini ya nyonga. Vigoda vya jikoni vifichwe. Mama zetu wakiona moto lazima wausogelee. Mvua za huko zinatelezesha ua, kwa hiyo shindilieni changarawe njia ya chooni kabla hajarudi na fremu yake ya kutembelea. Kitandani achezeshe vifundo vya miguu damu isigande. Shavu la mguu likivimba na kuuma, au pumzi ikibana, hospitali hapohapo, msisubiri kukuche.