Adhana imenikuta kaunta: maswali yenu ya Ramadhani kazini

Kaka yangu yuko Muscat kwenye duka la vipuri, Ramadhani anatoka mapema. Mimi niko Kariakoo, saa ni zilezile. Sheria yetu inasemaje?

Haisemi kitu. Sheria ya kazi ya Oman ya mwaka 2023 imeweka kikomo cha saa 6 kwa siku na 30 kwa wiki kwa Mwislamu mwezi huu. Yetu ya bara, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, inajua saa 9 kwa siku na 45 kwa wiki tu, uwe umefunga au hukufunga. Nafuu yoyote utaipata kwa maelewano na bosi wako.

Mchana sili. Si niifanyie kazi ile saa ya chakula, niondoke saa moja kabla ya wenzangu?

Inawezekana, ila usijiamulie. Sheria inampa aliyefanya kazi zaidi ya saa 5 mfululizo mapumziko ya dakika 60. Haikuandika kwamba ukiyaacha unadai kuondoka mapema. Muombe bosi, na akikubali muandikishane, hata mistari miwili. Zamani, ofisi moja niliyofanya kazi, tulikubaliana kwa mdomo na msimamizi. Wiki ya pili akahamishwa, aliyekuja akatuandikia barua za onyo sote wanne, na shahidi wetu yuko Mwanza hapokei simu.

Halafu fikiria mara mbili kama unaitaka kweli hiyo biashara. Siku tatu nne za mwanzo, wewe mnywa chai ya rangi vikombe vitano, kichwa kitakugonga kuanzia saa 6. Ukishaswali adhuhuri ukajinyoosha dakika ishirini, unarudi mtu mwingine. Mimi saa yangu siiuzi, hata kwa kukwepa foleni ya Mbagala.

Ni keshia, zamu ya jioni. Adhana inanikuta wateja wamepanga mstari.

Weka tende tatu na chupa ya maji chini ya kaunta. Ikiadhiniwa, sema "samahani, nafungua," kunywa, endelea. Sijaona mteja wa Dar aliyegomba kwa hilo. Wengine nao wanatoa zao mfukoni. Magharibi ndiyo inayotaka mtu wa kukushikia, na muda wake ni mfupi. Patana mapema na mwenzako Mkristo akupe dakika kumi, wewe umshikie zamu ya Jumapili asubuhi aende ibadani. Msimamizi ajue.

Mimi Mkristo, nasimamia watu sita waliofunga. Nijifiche nikila?

Kula, mama. Mwaka 2026 Kwaresma na Ramadhani zilianza wiki moja, nusu ya ofisi ilikuwa na njaa yake. Chipsi mayai usizifungulie juu ya meza ya mtu tu, wala usiulize kila siku "hata maji?" Linalowaumiza zaidi ni kikao cha saa 11 jioni. Kihamishie asubuhi.

Fundi ujenzi, tunamwaga zege juani. Nifunge?

Mimi si sheikh, muulize wako. Ninalolisikia kwa wengi wao ni hili: kula daku, nuia, uanze siku umefunga. Ukizidiwa ukahofia madhara, fungua, ulipe siku nyingine. La kazi nalijua: ongeeni na msimamizi zege lianze saa 12 asubuhi, mchana mfanye kazi za kivulini. Na kizunguzungu kikikushika juu ya mirunda, shuka palepale, usingoje kumaliza ndoo.

Ofisini wanachangishana futari, elfu kumi kila mtu. Nimefulia.

Mnong'oneze anayekusanya, kisha njoo na kaimati za nyumbani. Zitaisha kabla ya mihogo.