Simama hapo hapo: fyuzi iko wapi?

Yakhe, weka hiyo koleo chini. Umeandika fundi wako ameshavuta waya kutoka betri ya pikipiki yako hadi rilei, ile swichi inayowashwa kwa umeme, ili taa ya mbele iwake vizuri, imebaki kuunga taa tu. Nimesoma maelezo yako mara mbili nikitafuta neno fyuzi, kile kiwaya kinachokatika umeme ukizidi, sikuliona.

Mimi taa ya pikipiki yangu ilikuwa kibatari. Fundi wangu akanieleza, na kwa hili hakukosea, kwamba umeme unapitia swichi ya usukani kwa waya mwembamba, na chumvi ya bahari yetu hii ishaitafuna swichi ndani, kwa hiyo balbu inapata makombo. Rilei inafupisha njia: betri, rilei, taa. Swichi inabaki na kazi ya kuiamsha rilei. Nikamuuliza, na fyuzi? Akaigeuza rilei akanionyesha maandishi: 30A, yaani ampea 30. "Fyuzi ndiyo hii, ikizidi 30 yajikata yenyewe."

Haijikati! Ile 30A ni mzigo ambao rilei yaweza kubeba, basi. Mtu anauza kitu hajui kilichoandikwa mgongoni mwake, na pesa amekula. Siku nikikutana naye tena kule Kongowea, hapa Mombasa... acha tu, nimefunga.

Taa ikawaka, wallahi. Wiki tatu nilikuwa sultani wa Bamburi, matatu zanipisha. Usiku mmoja niko juu ya daraja la Nyali, nikasikia harufu ya plastiki. Waya ule wa betri fundi alikuwa ameupitisha kwenye shingo ya usukani, umebanwa, kila nikikata kona wasuguka na chuma hadi mpira wake ukaisha, ukapiga shoti. Moshi chini ya tangi. Nikazima ufunguo, moshi ukazidi! Maana waya utokao betri hadi mguu wa rilei ulioandikwa namba 30 haujali ufunguo, una umeme hata ukiwa umelala kwako. Betri chini ya kiti, imefungwa kwa nati za namba 10, na spana iko nyumbani imepumzika. Nikaung'oa waya kwa mkono. Alama ingali kiganjani, mke wangu asema huo ni mstari wa ujinga, haumo katika elimu ya viganja.

Asubuhi nyaya zote zimeshikana kama tambi zilizoungua. Nikanunua seti nzima, nikalipa fundi mwingine, siku nne napanda matatu zile zile zilizokuwa zikinipisha. Yote kwa kitu cha bei ya mahamri.

Fyuzi ya 10A, kando kabisa ya kichwa chanya cha betri. Usije ukaiweka kule mbele karibu na taa, kwani waya wote ulio kabla yake utakuwa ule ule ulionichoma mimi. Balbu ya wati 60/55 (60 mwanga wa mbali, 55 wa karibu) inavuta kama 5A, kwa hiyo 10A yatosha. Na mtu asikwambie fyuzi ni ya kulinda balbu. Inalinda waya.

Uliuliza pia kuhusu balbu ya wati 100, na jambo jingine la rangi ya mwanga, nimesahau. Hiyo 100 yavuta zaidi ya 8A na joto lake litakunja kioo cha taa. Achana nayo.

Sasa ung'oe waya wa betri, kisha upige picha uiweke hapa tuione. Na huyo fundi wako, hebu niambie, kibanda chake kiko upande gani wa Kongowea?