Shaba husukwaje bila kukatika?

SWALI: Mhariri, mimi ni msukaji wa mikeka. Nimeona picha ya sanamu ya Kijapani ya siku hizi iliyosukwa kwa kanda za shaba, nyekundu na nyeusi, zikipishana kama ukili. Sisi miyaa huilowesha maji ili isikatike. Je, shaba hulainishwa kwa kitu gani? Na weusi ule umepakwa?
Msomaji, Pemba

JIBU: Bibi, swali lako ni la fundi. Kazi ambayo maji huifanya kwenye miyaa, kwenye shaba hufanywa na moto. Shaba inapopigwa nyundo au kukunjwa hugangamaa kidogo kidogo, na ikilazimishwa katika hali hiyo hupasuka. Kwa hiyo fundi huirudisha motoni mpaka ianze kuwa nyekundu, kisha huitumbukiza majini, ikatoka laini. Mhunzi wa visu atashangaa, kwa kuwa pua, yaani chuma kigumu cha visu, ikitumbukizwa majini ingali nyekundu huwa ngumu, lakini shaba haifuati kanuni hiyo. Ulaini wenyewe haudumu, kwani kila mkunjo huupunguza, na hivyo kufumua na kurudia, jambo ambalo miyaa hulistahimili, kwa shaba ni hatari. Hata hivyo, ugumu huo unaorudi ndio unaoiwezesha sanamu kusimama.

Ususi wenyewe una ndugu yake katika mianzi, sanaa inayoheshimiwa sana Japani: mwaka 1967 Shono Shounsai alikuwa msukaji wa kwanza wa mianzi kutunukiwa hadhi ya Hazina Hai ya Taifa, ambayo serikali ya Japani huwapa mabingwa wa sanaa za jadi.

Ama weusi, katika kazi za jadi ya Kijapani haupakwi. Ukanda mweusi kwa kawaida ni shakudo, yaani shaba iliyochanganywa na dhahabu kidogo, mara nyingi asilimia 3 hadi 5. Kazi ikishakamilika husafishwa, husuguliwa kwa figili nyeupe iliyokunwa, kisha huchemshwa katika maji yenye chumvi za shaba. Hapo shaba tupu hugeuka nyekundu ya kahawia, na shakudo huwa nyeusi yenye kivuli cha zambarau. Hatua hii, ambayo kwangu ndiyo ya ajabu kuliko zote, lazima iwe ya mwisho, kwa kuwa moto wa kulainishia au wa kulehemu ungeiharibu rangi. Kabla ya kuchemshwa, shakudo na shaba tupu hukaribia kufanana, kwa hiyo fundi huyo, tofauti nawe unayetia rangi miyaa kabla ya kusuka, husuka nakshi ambazo macho yake bado hayazioni vizuri.