Jibu: Ekzosi, tairi au shoki, nianze na nini?

Ndugu, kwa pikipiki ya Ninja 400 ya mtumba na pesa ya kitu kimoja tu, nunua tairi. Najua moyo uko kwenye ekzosi, hata mimi nilianza hapo. Mlio ulikuwa mtamu kweli, mpaka siku ya manyunyu nikishuka kutoka Limuru, gurudumu la nyuma likateleza kwenye kona ya kawaida kabisa. Nilipofika nyumbani nikachuchumaa kusoma namba ya tarehe ubavuni mwa ile tairi: 1116, yaani wiki ya 11 ya mwaka 2016. Meno yalikuwa bado marefu, lakini mpira ulikuwa umekauka kama soli ya kiatu kuukuu. Kasome zako leo. Saizi ni 110/70-17 mbele na 150/60-17 nyuma. Usikubali fundi akuwekee pana zaidi eti inapendeza, itakuwa nzito kugeuza.

Kurekebisha shoki, yaani springi za kuzuia mrusho, hakutakugharimu kitu kwa kuanzia. Inua pikipiki gurudumu la nyuma lining'inie, pima kutoka ekseli hadi alama kwenye mkia. Kisha ishushe, uikalie ukiwa na jaketi na helmeti, mwenzako apime tena. Tofauti ikiwa karibu milimita 30 hadi 35, uko sawa. Ikizidi, kaza springi ya nyuma. Ya mbele kwenye modeli hiyo haina pa kurekebisha, badilisha mafuta ya ndani ya shoki hiyo tu.

Ekzosi ya kubadilisha silensa peke yake inapunguza uzito kidogo, nguvu haba, na majirani watakujua kwa jina. Ngoja.

Ukishapima niambie umepata milimita ngapi.